Majirani Isyesye, Mbeya: yule bundi tumwache

Mama Happy: Habari za asubuhi majirani. Jamani juu ya silingi yetu kuna kitu kinakoroma kama mtu mzima, kikianza usiku hakinyamazi. Jana Baba Happy kamulika tochi kwenye upenyo wa bati, kakuta bundi! Watoto hawalali. Mama mkwe anataka aletwe mtu amtoe leo leo.

Baba Jose: Pole shemeji. Bundi juu ya nyumba si wa kupuuzia. Mtoeni.

Mwl. Sanga: Mama Happy, uso wake ni mweupe, wa umbo la moyo?

Mama Happy: Ndiyo mwalimu. Shikamoo.

Mwl. Sanga: Marahaba mama. Basi wanaokoroma ni makinda, wanadai chakula. Nakuomba sana usiwatoe. Angalia chini ya ukuta pale anapopitia, utaona vitonge vyeusi vya mviringo.

Mama Happy: Vipo! Kila siku nafagia nikijua ni kinyesi cha paka.

Mwl. Sanga: Bundi humeza panya mzima, halafu manyoya na mifupa anavitema. Mpe Happy kijiti apasue kimoja.

Mama Happy: 📷 Mwalimu!! Mafuvu matatu ya panya kwenye kitonge kimoja. Meno ya manjano bado yako palepale. Happy kayapanga kwenye gazeti, hataki hata chai.

Bibi Neema: Ndo maana mahindi yangu stoo safari hii hayajatafunwa.

Baba Jose: Mwalimu nakuheshimu, ila sisi tumekua tukiambiwa bundi analeta msiba.

Mwl. Sanga: Hata mimi marehemu baba aliniambia hivyohivyo. Lakini misiba ipo na kwenye mitaa isiyo na bundi. Huyu anatoka usiku kwa sababu panya wanatoka usiku. Kinachoniuma ni sumu tunayomwaga. Panya akila zile za kuzuia damu isigande hafi papo hapo, anazubaa siku kadhaa, bundi anamkamata kirahisi, na yeye anakufa. Tunabaki na panya bila mlinzi.

Baba Jose: Kwangu asitue, hilo sibadiliki. Ila sumu naweza kuacha, nitatumia mtego.

Mwl. Sanga: Nashukuru sana kaka.

Tusa: Na kinyonga tumsemee. Juzi watoto walikuwa wanampiga mawe kwenye ua wa michongoma. Eti ana sumu.

Mwl. Sanga: Hana sumu hata chembe, kazi yake ni kula nzi na panzi. Na tujue tulichonacho: milima yetu ya Poroto ina kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu usoni, na jike halitagi, linazaa watoto hai. Nitawaonyesha kule Ziwa Ngozi tukijaliwa. Jumamosi nakwenda na vijana, anayetaka aje.

Tusa: Tunaonaje njiani?

Mwl. Sanga: Ukienda kimya, mbega juu ya miti, na ndege chozi kwenye maua. Watu wanapita na spika ya muziki halafu wanasema msitu hauna kitu. Kule Rungwe, kipunji, aina ya kima, alikuwa anajulikana kwa wawindaji wa Kinyakyusa siku zote, wataalamu wamemkuta 2003 kwa sababu waliwasikiliza wenyeji. Hata nyumbani chozi utamwona, kaa karibu na mgomba wenye ua asubuhi.

Bibi Neema: Wangu wanakuja kwenye shubiri, wadogo, wanang'aa kijani. Sitaikata tena ile shubiri.

Tusa: Niandike na wanangu wawili. Ndaga fijo, asante sana mwalimu.

Mwl. Sanga: Saa 12 asubuhi stendi ya Uyole. Viatu vya kushika, njia inateleza mvua hizi, na koti.

Mama Happy: Na fundi wa bati nimwambie aje lini kuziba?

Mwl. Sanga: Makinda wanachukua karibu miezi miwili mpaka kuruka. Asizibe kabla, watafia ndani. Watoto walale chumba cha mbele kwa sasa.

Mama Happy: Sawa. Mama mkwe nitaongea naye mwenyewe, nimwonyeshe yale mafuvu.