Nimekatwa malipo kwa sababu nilikataa kurusha ndege bila kulala

Wakuu, habari zenu. Mimi ni rubani msaidizi wa shirika dogo la ndege hapa Marekani. Familia yangu inaishi Columbus, Ohio, lakini shirika lilipofunga kituo cha karibu na nyumbani likanihamishia Newark, karibu na jiji la New York, bila kuniuliza. Tangu hapo, kila zamu inapokaribia inabidi nitafute nafasi kwenye ndege yoyote itakayokubali kunibeba.

Wiki iliyopita nilipata nafasi ndege ya tatu, nikafika Newark saa 5 usiku, na zamu yangu ilianza saa 11 alfajiri. Hoteli ingemeza karibu malipo yote ya siku hiyo, kwa hiyo nilijilaza kwenye kiti cha chumba cha wafanyakazi nikiwa nimejifunika koti usoni, hadi saa 9 usiku mtu wa usafi alipowasha mashine ya kufyonza vumbi karibu na miguu yangu. Asubuhi, tukisoma orodha ya ukaguzi kabla ya kuwasha injini, nilifika kwenye mstari wa mafuta nikashindwa kukumbuka kama nilikuwa nimeshausoma. Nikamwambia kapteni kwamba siwezi kuruka. Yeye alinielewa. Shirika limenikata malipo ya safari zote za siku ile, na limeniandikia barua likitaka nieleze kwa nini sikujipanga mapema.

Kanuni iliyoanza kutumika Januari 2014 inampa rubani wa ndege za abiria saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, zikiwamo saa 8 za kulala bila kukatizwa, na inamkataza kuruka akijua amechoka. Hata hivyo, safari ya kutoka nyumbani hadi kituoni haihesabiwi kuwa kazi, kwa hiyo katika makaratasi ya shirika usiku ule mimi nilikuwa nimepumzika.

Hasira yangu inazidi kwa sababu jambo hili linajulikana. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air iliyotoka Newark hii hii ilianguka karibu na Buffalo na kuua watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kupitia Memphis ili awahi kazi. Kapteni, mkazi wa Florida, alikuwa amelala chumba cha wafanyakazi. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, walitaja kuwa chanzo ni jinsi kapteni alivyoitikia onyo la ndege, si uchovu, na ni haki hilo lisemwe. Lakini walieleza pia kwamba huenda uchovu uliwapunguzia uwezo, na mwaka 2010 wakapendekeza mashirika yalazimishwe kuushughulikia uchovu wa marubani wanaoishi mbali na vituo, pamoja na kuwaandalia mahali pa kupumzikia.

Mimi nimeandaliwa barua. Nimepewa siku 7 za kuijibu, na nitaijibu kwa kudai malipo yangu na kitanda kwa kila rubani ambaye kituo chake kimehamishwa. Mliowahi kukatwa malipo kwa kuripoti uchovu, naomba mniandikie hapa mlijibu nini na chama chenu cha wafanyakazi kiliwasaidiaje.