Amsterdam mwezi wa nne na mtoto wa miaka mitatu, mliowahi kwenda naombeni ushauri

Mama Rayan

Habari zenu wapendwa. Mimi na mume wangu tumeshakata tiketi, tunaenda Amsterdam wiki ya pili ya mwezi wa nne, siku sita, na mtoto wetu wa kiume ndio atakuwa katimiza miaka mitatu. Mji nimeuchagua mimi kwa sababu ya maua ya tulipu, nimeyatamani tangu niko shule, ila sasa kadiri siku zinavyokaribia naona kama hii safari nimejipangia mwenyewe, mtoto nambeba tu kama begi. Baba yake nae ana listi ya makumbusho saba!! Mtoto bado analala mchana, kuanzia saa saba hivi, akiukosa huo usingizi jioni hatukaliki.

Naomba kujua, kigari cha mtoto tubebe au tuache? Keukenhof, ile bustani ya tulipu, ataifurahia au atalia tu tuondoke? Na baridi ya huko kipindi hicho ikoje? Alafu tumeona apatimenti moja nzuri sana kwenye picha, pembeni kabisa ya mfereji, ghorofa ya nne, madirisha makubwa, bado hatujailipia.

Baba Pacha

Dada usiilipie hiyo nyumba kabla hujauliza ngazi zake. Narudia, uliza ngazi. Nyumba za kale za pembeni ya mifereji ni nyembamba sana na nyingi hazina lifti, ngazi zake zimesimama wima utadhani unapanda darini. Ukifika inua macho uangalie juu karibu na paa, utaona boriti limejitokeza lina ndoano, lile ni la kupandishia makabati na vitanda kwa kamba kupitia dirishani maana kwenye ngazi havipiti. Sasa kama kitanda hakipiti fikiria wewe na kigari, mtoto kasinzia begani, mkononi mfuko wa vyakula.

Sisi tulifikia ghorofa ya tatu na mapacha wa miaka miwili. Kila kutoka ni safari mbili, mmoja anabaki chini na kigari na mtoto mmoja, mwingine anapanda tena kumchukua pacha wa pili. Siku ya tatu mke wangu akasema leo hatoki, na hakutoka kweli. Tafuteni hoteli yenye lifti, hata ikiwa nje kidogo ya katikati, mradi kuna kituo cha tramu, zile treni za barabarani, karibu. Au laleni Haarlem, treni ni kama dakika ishirini tu na mji umetulia. Mkipiga hesabu msisahau kodi ya watalii, Amsterdam ni asilimia 12.5 juu ya bei ya chumba, wengine wanashtukia wakati wa kulipa.

Kigari bebeni, ila kile chepesi cha kukunja. Tramu zina nafasi ya vigari, na mtoto ambae hajafika miaka minne hamlipii kwenye usafiri wa umma. Nyie wakubwa mnagusisha kadi ya benki mkipanda na mnaigusisha tena mkishuka, hiyo ya kushuka ndio watu wanaisahau wanakatwa hela zaidi.

Nuru_77

Keukenhof nendeni, usijinyime. Hayo maua umeyasubiri tangu shule, mtoto kumuona mama yake kafurahi nayo ni safari. Ila muende kwa akili. Pale ni hekta 32, wanapanda karibu tunguu (vile kama vitunguu ambavyo maua huotea) milioni 7 kila mwaka na wanafungua wiki nane tu, kuanzia katikati ya mwezi wa tatu hadi katikati ya mwezi wa tano, kwahiyo watu ni wengi mno. Wanafungua saa mbili asubuhi. Kateni tiketi mapema mtandaoni maana zina saa ya kuingia, chukueni ile iliyounganishwa na basi, mnaweza kuondokea Schiphol hapo uwanja wa ndege au kituo cha Europaplein. Mfike asubuhi ya siku ya kazi, saa sita muanze kutoka, mtoto atalala kwenye basi.

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu na nusu. Maua aliyatazama kama dakika kumi, akainama akachungulia ndani ya tulipu moja nyekundu, akaniambia "mama ndani kuna nyota nyeusi". Na kweli, mimi miaka yote naziona kwenye picha sikujua zina ile alama katikati. Baada ya hapo ikawa ni sehemu ya wanyama na bembea tu, na kinu cha upepo ambacho mnapanda juu mnaona mashamba ya rangi kwa mbali.

Kitu kimoja, mashamba ya nje yale ni ya wakulima, msiingie katikati ya mistari kupiga picha. Mkikuta mkulima anakata vichwa vya maua yote na kuyaacha chini msisikitike sana, anachouza yeye ni tunguu, ua likikatwa nguvu yote inarudi kwenye tunguu inanenepa.

Mwanaidi K

Nuru kasema vizuri lakini mimi kwa mtoto wa umri huo ningeanzia Amsterdamse Bos, ule msitu wa kusini mwa mji, kisha maua siku nyingine. Ndani yake kuna shamba la mbuzi, kuingia bure, na majira haya ya kuchipua ndio vitoto vya mbuzi vimejaa. Unanunua chupa ya maziwa mtoto anavinyonyesha mwenyewe. Mwanangu alishika chupa kwa mikono miwili, kale kambuzi kakavuta kwa nguvu mpaka mtoto akasogea hatua moja mbele, mkia unacheza, maziwa yanamwagikia kwenye viatu, na mtoto kimya kabisa hata kucheka hacheki, anaangalia tu. Mpaka leo akiona chupa ya maziwa anaulizia mbuzi wake.

Humo humo msituni kuna bustani ya miti ya micheri ya Kijapani, 400, na kila mti umepewa jina la mwanamke. Ikichanua chini panakuwa na rangi ya waridi, familia zinatandika mikeka. Wiki yenu mnaweza kuikuta imechanua au ndio inapukutisha, inategemea mwaka.

Mama Rayan

Jamani asanteni sana, hapo kwenye mbuzi nimemsomea mtoto kajibu "twende sasa hivi" 😅 Na hayo makumbusho ya baba yake je? Na kuna mtu kaniambia mifereji haina uzio, ni kweli?

Shangazi Tatu

Ni kweli mwanangu, na hilo ndio la kwanza ningekwambia. Naishi hapa mwaka wa tisa, nimelea wawili. Sehemu nyingi ukingo wa mfereji hauna kitu, ni mawe halafu maji. Mtoto ashikwe mkono upande wa nyumba, wewe ndio utembee upande wa maji. Na ile njia yenye rangi ya matofali mekundu ni ya baiskeli, zinakuja kasi hazina mlio, watu wazima wenyewe wanagongwa wakiwa wanapiga picha. Kabla ya kuvuka simameni, angalieni pande zote mbili, tramu nayo iko hapo hapo.

Makumbusho saba kwa siku sita mwambie baba yake hapana. Mawili yanatosha, na muende kwa zamu. Rijksmuseum chini ya miaka 18 hawalipi na bustani yake ni bure kwa wote, kwahiyo mmoja anaingia ndani saa moja na nusu, mwingine yuko bustanini na mtoto, kisha mnabadilishana. Nyumba ya Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyejificha humo wakati wa vita, kigari hakiingii na ngazi ni kali, aende mtu mmoja, tiketi ni za mtandaoni tu, zinatolewa kila Jumanne kwa siku za wiki sita mbele, kwahiyo angalieni leo leo.

Baridi ipo. Mchana ni nyuzi 12 au 14, asubuhi inaweza kushuka hadi 5, na Waholanzi wenyewe wanasema Aprili inafanya inavyotaka, jua, mvua ya mawe na upepo ndani ya saa moja. Sweta mbili nyembamba na koti la mvua ni bora kuliko koti moja zito. Jua linazama kwenye saa mbili na nusu usiku, mtoto atakwambia bado mchana halali, kwahiyo chumba kiwe na pazia zito, ulizia hilo pamoja na lifti. Mvua ikiwakamata katikati ya mji ingieni maktaba kubwa ya OBA karibu na stesheni kuu, bure, wana sehemu nzuri ya watoto.

Na siku ambayo hamna nguvu, nyuma ya stesheni hiyo kuna kivuko cha kwenda Noord, upande wa mji ulio ng'ambo ya maji, bure, usiku na mchana, ni dakika chache tu. Wangu wadogo tulikuwa tunavuka na kurudi mara nne, wamesimama mbele kabisa na upepo usoni, basi hiyo ndio jioni yetu imekwisha.

Mama Rayan

Shangazi Mungu akubariki. Nimemwandikia mwenye apatimenti, kajibu ngazi ni 58 na lifti hakuna, tumeiacha. Mume wangu kabaki na Rijksmuseum na Van Gogh, amekubali bila ugomvi. Mbuzi siku ya pili, Keukenhof siku ya nne asubuhi. Swali la mwisho, huko upande wa pili tukishuka kwenye kivuko choo kiko karibu? Ndio kwanza ameacha pampasi.

Shangazi Tatu

Shukeni Buiksloterweg. Pembeni yake kuna jengo jeupe kubwa, Eye, la makumbusho ya filamu, lina mkahawa unatazama maji. Nunueni chai mkae, choo kiko humo humo ndani.