Kwanini Pancho alimbusu Manuela halafu akamuua? (muvi ya Mexico, namwaga mpaka mwisho)

mchele_mbichi
Habari zenu wakuu. Juzi usiku nimeangalia El lugar sin límites, muvi ya 1978, dairekta Arturo Ripstein, na tangu hapo nalala vibaya. Mimi Mexico naijua ya tamthilia tu, zile za tajiri mwenye sharubu na binti wa kazi analia jikoni, kwa hiyo sikujiandaa kabisa. Kwa ambaye hajaiona: kijiji kinakufa, mzee mmoja anaitwa Don Alejo kashanunua karibu kila nyumba, danguro ndo limemshinda. Humo anaishi Manuela, mwanaume wa makamo anayevaa gauni na kucheza flamenco (ngoma ya Kihispania), pamoja na binti yake Japonesita. Sasa Pancho karudi na lori lake jekundu, anapiga honi mji mzima usikie, na huyu Pancho ndo aliyemchania Manuela gauni lake jekundu mara ya mwisho, lakini Manuela badala ya kulificha anakaa kulishona!! Usiku anacheza mbele ya Pancho, jamaa analainika, wanabusiana, na muda si mrefu anamkimbiza na lori, yeye na shemeji yake wanampiga mpaka anakufa. Alimpenda au alimchukia? Mimi naona vyote na sielewi vinakaaje kifua kimoja.

fundi_saa
Mkuu rudia pale wanapobusiana ila usimwangalie Pancho, mwangalie Octavio, shemeji yake. Pancho hakubadilika kwa sababu ya busu, busu lilimkolea. Kilichombadilisha ni kwamba shemeji kaona na kauliza. Kaka wa mke wako kakukuta mdomoni kwa mwanaume, na ni huyohuyo aliyekusaidia kulipa deni la lori kwa Don Alejo, sasa hapo utajitetea na nini? Pancho anakana, na kukana kwa mdomo hakutoshi, inabidi akane kwa ngumi na shemeji awe shahidi. Octavio Paz, mwandishi wa Mexico (majina yamegongana tu), aliandika 1950 kwamba kwao mwanaume anayelala na wanaume anahukumiwa kidogo akiwa yeye ndo "anayefanya", aibu yote anabebeshwa "anayefanywa". Pancho angemburuta Manuela chumbani kwa nguvu hakuna angeuliza kitu. Alikosea kulainika, tena hadharani.

kokoto
hizi mada nazo, mods wako wapi

fundi_saa
@kokoto thread ya muvi hii, kahawa ipo kule jukwaa la pili

Bi_Reel
Fundi umesema vizuri ila mie muvi yenyewe nina ugomvi nayo kidogo, maana ni yaleyale, mwanaume mwenye gauni lazima afe ndo watu wamuonee huruma. Lakini haki yake nampa, miaka ile sinema za vichekesho za kabareti Mexico zilikuwa zimejaa, na huyo mtu wa gauni alikuwepo humo wa kuchekwa tu, anapita na sinia anapinda kiuno basi. Ripstein akamchukua huyohuyo akampa deni, uzee, mtoto, wivu. Na aliyemcheza ni Roberto Cobo, ambaye ujana wake alikuwa yule kijana katili wa mtaani kwenye Los olvidados, muvi ya dairekta Buñuel ya 1950! Huyu wa 1978 ndo yule mbabe, kavaa gauni, na akapewa Ariel, tuzo ya sinema ya Mexico.

Kingine kimenikaa kichwani, Kihispania wanasema "la Manuela", hiyo "la" ni ya kike, halafu binti anamwita papá, yaani baba. Nyie mlioangalia na sabutaito za Kiingereza kila mstari mlichaguliwa he au she. Sisi tunasema kacheza, kakimbia, kauawa, tunamaliza hadithi nzima hatujamchagulia mtu.

mchele_mbichi
Daah Bi Reel hiyo ya papá niliisikia nikadhani sabutaito zimekosewa. Kuna ambayo haiishii kwenye kipigo?

Bi_Reel
Tafuta Doña Herlinda y su hijo, 1985, ya Jaime Humberto Hermosillo, mji wa Guadalajara kwenyewe kwenye muziki wa mariachi na makanisa. Daktari ana mpenzi wake wa kiume, mwanafunzi wa muziki. Mama mtu anajua kila kitu na hasemi KITU. Anamhamishia kijana nyumbani kwake, huku anamtafutia mwanae mke, ndoa inafungwa, mjukuu anapatikana, nyumba inaongezwa, wote wanakula meza moja. Nilicheka nikajikuta nimenyamaza, maana mama za hivyo nawajua mtaani kwetu, wa kupanga maisha ya ukoo mzima kwa sahani ya chakula na tabasamu. Aliyemcheza ni mama mzazi wa dairekta Guillermo del Toro.

fundi_saa
Na ndo naporudi palepale, huyo mama hauzimi mchezo, anahakikisha majirani hawana cha kuuliza. Y tu mamá también, muvi ya Mexico ya 2001, pia ileile. Wale vijana wawili, Tenoch na Julio, muda wote wanashindana nani kalala na nani, na wana sheria zao za urafiki kabisa, mpaka usiku wa tequila wanabusiana wao wenyewe. Hakuna anayeuawa, hakuna hata aliyewaona zaidi ya Luisa, mwanamke waliyekuwa naye safarini. Asubuhi hawawezi kutazamana. Baadaye wanakutana mjini, kahawa moja, habari za masomo, habari kwamba Luisa alishafariki, Tenoch anaondoka, Julio anabaki anaita bili. Sauti ya msimuliaji inasema hawakuonana tena. Mimi ile bili iliniuma kuliko lori la Pancho, sijui kwanini.

mchele_mbichi
Hiyo nimeshaiona kitambo!! na niliichukulia muvi ya wahuni wa likizo. Ngoja nirudie wikiendi, naanza na ya mama.