Windows 11 inagomea folda ya Samba, Mac na Windows 10 zinafungua bila shida

seva_ya_kona

Wakuu, habari. Naomba mwongozo.

Kuna seva ndogo ya Ubuntu 24.04 yenye Samba (programu ya kushea faili na Windows na Mac), anwani 192.168.1.20, inashea folda moja. Mac inaifungua, Windows 10 inaifungua, zote kama mgeni bila nenosiri. Sasa imeingia Windows 11 Pro (toleo la 24H2) nayo imegoma: inasema sera za usalama za shirika zinazuia mgeni asiyethibitishwa. Hakuna shirika lolote hapa, mashine imetoka kwenye boksi.

Mengine mawili: seva haionekani kwenye orodha ya Network ya Windows yoyote, hadi uandike anwani kwa mkono. Na baadhi ya faili kwenye Windows zinakuja na majina ya ajabu mfano RA3K9Z~T.PDF, wakati kwenye seva majina ni ya kawaida.

Faili ya mipangilio ya Samba, smb.conf, ni hii tu:

```
[global]
   map to guest = Bad User

[nyaraka]
   path = /srv/nyaraka
   guest ok = yes
   read only = no
```

Folda ina chmod 777 (kila mtu anaruhusiwa kila kitu). ufw (fayawoli ya Ubuntu) imewashwa, na `ufw allow samba` imeshapigwa.

---

kebo_fupi

Nenda "Turn Windows features on or off", weka tiki kwenye SMB 1.0 (toleo la kwanza la SMB, itifaki ya kushea faili), washa mashine upya. Hilo humaliza kila kitu.

---

poti445

Mkuu @kebo_fupi, hapo hapana. SMB1 ndiyo njia ambayo virusi vya WannaCry vilipitia Mei 2017, na kuanzia toleo la 1709 la mwaka huohuo Microsoft ilianza kuiondoa kwenye Windows 10. Samba nayo tangu 4.11 (2019) haiipokei mpaka uiombe. Kwa hiyo hata ukiiwasha kwenye Windows, seva ya mwuliza swali haitaijibu. Halafu ujumbe wenyewe hauhusu toleo la itifaki kabisa. Unahusu mgeni.

@seva_ya_kona, kilichobadilika ni hiki. Windows 11 Pro ya 24H2 inadai kila pakiti ya SMB iwe na saini, na imezima kuingia kama mgeni. (Enterprise na Education zilikuwa zimezima wageni tangu Windows 10 toleo la 1709, ila Home na Pro ziliachwa, ndiyo maana Windows 10 yako bado inapita.) Mambo haya mawili ni ndugu: ufunguo wa kutia saini hutokana na nenosiri, na mgeni hana nenosiri. Hana cha kutilia saini.

Utaona watu wanashauri amri hizi mbili za PowerShell:

```
Set-SmbClientConfiguration -RequireSecuritySignature $false
Set-SmbClientConfiguration -EnableInsecureGuestLogons $true
```

Ni kweli zinafanya kazi. Ila kuanzia hapo mashine hiyo itakubali seva yoyote itakayojifanya ni yako, na utalazimika kurudia kwa kila Windows 11 itakayoingia. Kumtengenezea kila mtu akaunti kwenye seva ni kazi ya dakika chache, unaifanya mara moja.

Kwenye seva:

```
sudo groupadd nyaraka
sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G nyaraka mhasibu
sudo smbpasswd -a mhasibu
sudo chgrp nyaraka /srv/nyaraka
sudo chmod 2770 /srv/nyaraka
```

Usiruke `smbpasswd`. Samba ina hifadhi yake ya manenosiri, haisomi ya Linux. Mtumiaji anaweza kuwepo kwenye mfumo na bado Samba ikasema haimjui.

Kisha smb.conf:

```
[global]
   map to guest = Never

[nyaraka]
   path = /srv/nyaraka
   valid users = @nyaraka
   force group = nyaraka
   read only = no
   create mask = 0660
   directory mask = 2770
```

Huo mstari wa `map to guest` usiuache kama ulivyokuwa. Ukiwa `Bad User`, jina lolote ambalo seva hailijui hugeuzwa kuwa mgeni kimyakimya. Windows huanza kwa kutuma jina ulilofungulia kompyuta, seva hailijui, inalifanya mgeni, Windows inamkataa mgeni, na wewe huulizwi nenosiri hata mara moja. Wengi hukwama hapo: akaunti wameshatengeneza, lakini ujumbe ni uleule.

Piga `testparm -s` kuona kama kuna kosa la maandishi, halafu `sudo systemctl restart smbd`. Kabla hujagusa Windows, jaribu palepale kwenye seva:

```
smbclient //localhost/nyaraka -U mhasibu
```

Ikikubali hapo na Windows ikakataa, tatizo ni mtandao au Windows. Ikikataa hapo, usihangaike na Windows.

Upande wa Windows:

```
net use * /delete
net use Z: \\192.168.1.20\nyaraka /user:SEVA\mhasibu * /persistent:yes
```

Badala ya SEVA weka jina la seva yako. Bila hilo jina mbele, Windows inaweza kudhani mhasibu ni mtumiaji wa kompyuta yenyewe. Nyota inayofuata baada ya jina la mtumiaji inaifanya iulize nenosiri bila kuliacha wazi kwenye skrini. Amri ya kwanza inakata folda zote za mtandao zilizounganishwa, kwa hiyo funga kwanza nyaraka zilizo wazi.

---

nukta_mkato

Naongezea yale mawili yaliyobaki.

Kutoonekana kwenye Network si dalili ya kwamba kushea kumeharibika. Orodha ile zamani ilijengwa na NetBIOS (mfumo wa zamani wa majina ya kompyuta kwenye mtandao) pamoja na SMB1. Siku hizi Windows hutafuta wenzake kwa WS-Discovery, na Samba peke yake haijibu lugha hiyo. Sakinisha `wsdd` (programu inayoijibu) kwenye seva, kisha fungua poti zake, kwa sababu `ufw allow samba` inafungua 137, 138, 139 na 445 tu:

```
sudo ufw allow 3702/udp
sudo ufw allow 5357/tcp
```

Mac hutumia njia nyingine, mDNS kwenye UDP 5353. Hapo anayejibu ni `avahi-daemon`.

Hakikisha pia Windows imeuweka mtandao huo kuwa Private. Ukiwa Public, ugunduzi unazimwa. Na ukitaka kujua kama njia iko wazi, usitegemee ping, kwani fayawoli inaweza kuzuia ping na kuruhusu SMB, au kinyume chake. Pima poti yenyewe:

```
Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445
```

TcpTestSucceeded ikiwa True, achana na mtandao, angalia akaunti na ruhusa. Ikiwa False huku kompyuta nyingine zinapita, kagua kama hiyo moja iko kwenye Wi-Fi ya wageni: ruta nyingi huwatenganisha wageni na mashine nyingine kwa makusudi. VPN nayo huleta hali hiyohiyo.

Majina ya ajabu: Linux inaruhusu karibu alama yoyote kwenye jina la faili. Windows haikubali `\ : * ? " < > |` wala jina linaloishia na nafasi au nukta. Samba ikikutana na jina la namna hiyo humpa Windows jina fupi la kubuni lenye ~. Wanaopenda kuandika saa kwenye jina, mfano `ripoti 10:30.pdf`, ndio chanzo kikubwa. Zitafute hivi:

```
find /srv/nyaraka -name '*[\\:*?"<>|]*' -o -name '* ' -o -name '*.'
```

Zibadilishe jina upande wa Linux. Ukiwa hapohapo, angalia pia faili zinazotofautiana kwa herufi kubwa na ndogo tu, mfano `Bajeti.xlsx` na `bajeti.xlsx`. Kwa Linux ni mbili, kwa Windows ni moja, na huwezi kujua utafungua ipi.

---

seva_ya_kona

Asanteni sana. Windows 11 imeingia, na seva sasa inaonekana. Yamebaki mambo matatu:

1. Faili mpya zinahaririwa vizuri, ila za zamani zinafunguka kwa kusoma tu. Cha kushangaza, kuzifuta naweza!
2. Windows 10 inatoa kosa 1219.
3. Mac imejaza faili zinazoanza na `._`.

---

poti445

1. Za zamani ziliandikwa na mgeni, kwa hiyo kwenye seva mwenyewe ni `nobody` (mtumiaji anayemwakilisha mgeni). Piga `ls -l` utaona. Ile 777 ilikuwa kwenye folda, si kwenye faili zilizo ndani. Kwenye Linux, kufuta au kuongeza faili ni ruhusa ya folda, kuhariri ni ruhusa ya faili yenyewe. Ndiyo maana unaweza kufuta usichoweza kuhariri. Rekebisha zote kwa pamoja:

```
sudo chgrp -R nyaraka /srv/nyaraka
sudo find /srv/nyaraka -type d -exec chmod 2770 {} +
sudo find /srv/nyaraka -type f -exec chmod 660 {} +
```

Tarakimu 2 mwanzoni mwa 2770 inafanya kila kinachozaliwa ndani kirithi kundi la folda, hata kikitengenezwa moja kwa moja kwenye seva bila kupitia Samba.

2. Kosa 1219 maana yake Windows tayari ina muunganisho na seva hiyo kwa jina jingine, kwako ni mgeni wa zamani. Haikubali majina mawili kwa seva moja kwa wakati mmoja. Piga `net use * /delete`, kisha `cmdkey /list`, na ukiona seva yako humo ifute kwa `cmdkey /delete:192.168.1.20`. Isipokubali, toka kwenye akaunti ya Windows uingie tena.

Ukimaliza, `sudo smbstatus` kwenye seva itakuonyesha nani ameingia, kwa toleo gani la SMB, na kama kuna saini. Ukiona bado kuna `nobody`, kuna mashine ambayo haijakata muunganisho wa zamani.

---

nukta_mkato

Hizo `._` ni mahali ambapo Mac huhifadhi taarifa za ziada za faili pale seva isipokuwa na nafasi ya kuziweka. Ipe nafasi hiyo, ndani ya `[global]`:

```
   vfs objects = catia fruit streams_xattr
   fruit:metadata = stream
```

Mpangilio wa majina hayo matatu usiubadilishe. Na usiweke kwenye folda moja ukaacha nyingine, kwa kuwa Mac hupatana na seva mara moja inapoingia na kuchukulia kwamba folda zote ziko hivyo.

Zilizokwisha kuandikwa usizifute kwa pupa, baadhi zina lebo za rangi au data ambayo programu za zamani za Mac bado zinaihitaji. `.DS_Store` ni jambo jingine, hizo zinafutika bila hasara zaidi ya mpangilio wa aikoni. Kuzuia Mac isiziandike kwenye mtandao, kwenye Terminal ya Mac:

```
defaults write com.apple.desktopservices DSDontWriteNetworkStores -bool true
```

Toka kwenye akaunti ya Mac uingie tena ndipo ianze kutumika. Mac yenyewe sasa iunganishe kwa Cmd+K, `smb://mhasibu@192.168.1.20/nyaraka`. Ukibofya tu seva kwenye Finder inaweza kujaribu kurudi kama mgeni, na safari hii mgeni atakataliwa.