Soketi ya kupimia gari haina umeme kabisa, fyuzi nzima, nianzie wapi?

Dada Gea
Wakuu habari zenu, naomba msaada wa mawazo. Gari yangu imewasha taa ya injini ile ya njano, inatembea vizuri tu haimisi wala haitoi moshi, nikasema ngoja nichomeke kale kamashine ka blutuzi nisome kodi ya hitilafu kabla sijaipeleka kwa mtu. Nachomeka kwenye soketi ya chini ya usukani, kimya, hata kale kataa kekundu hakawaki. Nikakajaribu kwenye gari nyingine kakawaka palepale na simu ikakaona, kwaiyo mashine ni nzima. Nikarudi kwangu nikafungua swichi, nikawasha na injini, wapi. Fyuzi nimeiangalia, ile ambayo mfuniko wa boksi unasema ndo ya soketi, kawaya kake hakajakatika. Multimita ninayo na kupima volti najua, ila sitaki kuanza kufumua dashibodi kwa kubahatisha. Au ndo kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, imekufa?

Waya Mwekundu
Sigara laita yako inafanya kazi? Nauliza maana gari nyingi sana hiyo soketi na laita zinakula fyuzi moja. Mtu anadondosha sarafu mle ndani au ncha ya chaja inabaki humo, shoti, fyuzi inakwenda, na kwa kuwa havuti sigara hajui hadi siku anachomeka mashine ya kupima.

Alafu fyuzi usiiangalie kwa macho, inadanganya. Kwa juu ina vidoti viwili vya chuma, weka waya mweusi wa multimita kwenye bodi, mwekundu gusa kidoti kimoja kimoja bila kuichomoa. Volti zikionekana pande zote mbili ni nzima, upande mmoja tu imekufa. Ukikuta imekufa rudisha ampea ileile, imeandikwa 15 weka 15, usije ukasikia ushauri wa kuweka 30 maana hapo kitakachoungua sio fyuzi tena, ni waya.

Dada Gea
Laita inachaji simu kama kawaida. Fyuzi nimepima ulivosema, pande zote mbili 12.4.

Tairi Kumi
Dada usihangaike, vuta waya mpya kutoka betri upeleke kwenye soketi, umemaliza. Mimi nimeona watu wanafanya hivo na maisha yanaendelea.

Fundi Shoti
@Tairi Kumi hapana mkuu, waya wa betri usio na fyuzi unapita kwenye bati hadi ndani ya gari, siku ukichubuka unawasha moto. Na hata hujajua kama kinachokosekana ni chanya au ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, utavuta waya wa nini?

Dada Gea, kontroli boksi iondoe kichwani kwanza. Ingekufa gari isingewaka. Na ile taa ya kwenye mashine haitegemei kontroli boksi hata kidogo, inakula umeme wa betri unaofika pale kwenye soketi wenyewe, tena hata funguo ukiwa mfukoni. Kontroli boksi inaingia kwenye hesabu pale mashine inapowaka halafu inasema haiwezi kuwasiliana, hapo ndo unaongelea pini za mawasiliano, namba 6 na 14. Wewe hujafika huko.

Soketi ina nafasi 16. Iangalie ule upande mpana ukiwa juu, mstari wa juu unahesabu 1 hadi 8 kutoka kushoto, wa chini 9 hadi 16. Ila angalia, magari mengine wameifunga kichwa chini, kwaiyo fuata upande mpana usifuate dashibodi. Pini 16, ya mwisho kulia chini, ni chanya ya betri. Pini 4 ni athi ya bodi, pini 5 ni athi ya mawasiliano. Hizo tatu tu ndo zinakuhusu leo. Baadhi ya zilizobaki utakuta ni tundu tupu kabisa, usishtuke, sio zote zinatumika.

Nipimie hivi: 16 na 4, halafu 16 na 5, halafu 16 na chuma kitupu cha bodi, bolti isiyo na rangi. Ncha za multimita usizisukumize ndani kwa nguvu, zile klipu zikishapanuka hazishiki tena na unajitengenezea tatizo jipya juu ya la zamani, gusa tu kwa mbele. Na chungulia kwa tochi kama kuna pini imerudi nyuma kuliko wenzake.

Dada Gea
Pini zote ziko usawa mmoja. Vipimo:
16 na 4 = 0.2 inachezacheza
16 na 5 = vilevile
16 na bodi = 12.4

Kwaiyo umeme upo??

Waya Mwekundu
Upo! Chanya imefika, imekosa pa kurudia. Athi hiyo.

Fundi Shoti
Ndo hivo. Athi zote mbili hazipo, na kwa 4 na 5 kufa kwa pamoja inaelekea kwenye gari yako zinakutana mahali, ama kwenye kiungo kimoja au bolti moja kwenye bodi. Magari mengine kila moja ina njia yake. Swali: kuna kitu kingine kinasumbua ndani ya gari hata kidogo? Taa, vioo, feni, redio? Na kuna mtu aliyefungua fungua huko chini karibuni?

Dada Gea
Sasa umenikumbusha. Taa ya ndani inafifia nikiweka feni kubwa, nikajua betri imechoka. Na redio ilibadilishwa, aliyeifunga alitoa plastiki yote ya pembeni ya miguu upande wa dereva.

Fundi Shoti
Basi toa plastiki hiyohiyo, ile ya karibu na pedali. Tafuta rundo la nyaya nyeusi au kahawia zenye pete za chuma zimefungwa pamoja na bolti kwenye bodi. Nakisia utaikuta imelegea, au kaweka pete ya redio katikati juu ya rangi. Chomoa waya hasi wa betri kabla hujashika bolti, na kama redio yako inadai namba ya siri hakikisha unayo.

Safisha kwa msasa hadi bati ling'ae, pete pia, kaza, paka grisi kidogo juu yake kuzuia kutu.

Ukimaliza usiridhike na 12.4 peke yake. Multimita haili umeme, uzi mmoja wa waya uliobaki utakuonyesha volti kamili halafu ukichomeka kitu zinapotea. Chukua balbu ndogo ya wati 5, iwashe kati ya 16 na 4. Ikiwa inawaka, pima kati ya pini 4 na kichwa hasi cha betri. Inatakiwa sifuri nukta moja hivi, ukiona volti nzima nzima athi bado ni mbovu.

Tairi Kumi
Si angeunga tu athi mpya kwenye bolti yoyote? Mashine ingewaka.

Fundi Shoti
Ingewaka, na taa ya ndani ingeendelea kufifia. Ile bolti haihudumii soketi peke yake.

Na wewe mkuu kwa jina lako nakuonya, kuna malori hiyo soketi ina volti 24. Usichomeke vimashine vya volti 12 humo, vinaweza kuungua.

Dada Gea
Wakuu nimeipata!! Bolti ilikuwa inazunguka kwa vidole, na pete ya redio ilikuwa juu ya rangi kama ulivosema. Nimepiga msasa nimekaza, balbu inawaka vizuri, pini 4 na betri inasoma 0.05. Taa ya ndani haififii tena. Mashine imewaka na imesoma kodi P0442. Hiyo ndo nini?

Waya Mwekundu
Mvuke wa petroli unavuja mahali, uvujaji mdogo. Anza na mfuniko wa tenki kabla hujatoa hela popote, kagua ule mpira wake kama umepasuka, ufunge hadi ulie tiki tiki, futa kodi uone kama itarudi. Haizimi gari hiyo.

Dada Gea
Mpira una ufa. Natafuta mfuniko mwingine, asanteni sana.