Tupeane uzoefu: kukaa kimya ziwani au porini na kuwaza muda na umilele (Kivu na Katanga)

Majivu, Goma: Ndugu zangu, jana umeme ulipokatika na jenereta za jirani zikanyamaza, wazo hili limenirudia: huku kwetu mtu hana haja ya kwenda mbali kuutafuta muda. Anaukanyaga kila siku. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto tarehe 10 Januari 1977, 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021, na kila mara iliacha mawe yake. Ya 2002 yalipita katikati ya mji hadi ziwani, ya 2021 yakakomea Buhene, ukingoni mwa mji. Anayeanza atafute mahali mawe mapya yalipolala juu ya mawe ya zamani, akae hapo nusu saa bila kuongea. Jiwe jipya ni jeusi tupu. La umri zaidi lina kitu cha kijivu kilichoganda juu, kama ndevu fupi, hakina mizizi wala udongo. Hicho ndicho hutangulia. Baadaye kangaga huingia kwenye nyufa, halafu vichaka. Ukitazama kutoka jiwe moja hadi lingine unaona miongo imepangwa mbele yako. Kalia mkeka au kikwembe (kitenge) kilichokunjwa mara nne, maana mawe yale hukata nguo na ngozi. Nenda mapema: kufika saa 5 mchana jiwe jeusi limeshika joto na huwezi kutulia. Nyie mnakaa wapi, saa ngapi, na ni nini huharibu?

Mama Sifa: Kweli kabisa. Yale ya kijivu watu huyakwangua kama uchafu. Yaacheni.

Nguba, Bukavu: Sisi tuna maji. Simama pale mto Ruzizi unapotoka ziwani. Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na maji hayo yanashuka karibu mita 700 hadi Tanganyika, yanatoka kwa mto Lukuga, yanaingia mto Lualaba, yanaishia Atlantiki. Zamani, kabla volkano za Virunga hazijaziba bonde, maji ya huku yalielekea kaskazini, upande wa Nile. Ziwa lilizibwa, likajaa, likatafuta mlango upande wetu. Mimi nasema hivi: chagua tone moja la povu, lifuate kwa macho hadi lipotee, kisha rudia. Dakika 20 za hivyo zinatosha kwa mtu ambaye akili yake hukimbia. Usianze na kufumba macho, utasinzia.

Karabai: Nguba, kwa usiku angalia mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi wa sambaza (samaki wadogo kama dagaa) hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo wengi hawatoki na ziwa linanyamaza. Mwezi ukiwa mwembamba, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja imejaa kila upande na nyimbo zao zinafika mbali. Anayetaka kimya aende siku za mwezi mpevu. Anayetaka nyota, atavumilia nyimbo. Na hao sambaza wenyewe ni wageni, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ingawa leo unadhani ziwa liliumbwa nao.

Mwombezi: Umilele ni wa Mungu. Badala ya kukodolea mawe, fanyeni kesha, mpaze sauti.

Nguba, Bukavu: Papa, hakuna aliyekataza maombi. Lakini mada ni kimya. Ukipaza sauti kando ya maji, ndege wote wanaondoka na watoto wanakusanyika kukutazama.

Mwombezi: Basi niombe kimya. Ila mtu asiseme jiwe linamfundisha zaidi ya Muumba.

Majivu, Goma: Hakuna aliyesema hivyo, papa. Tuendelee.

Mlinzi wa Bonde: Samahani nikate mazungumzo, maana naona watu wanashauriana kwenda kukaa chini alfajiri na hakuna aliyetaja MAZUKU. Wa Goma, Bulengo, Lac Vert na barabara ya Sake mnajua. Wageni hawajui. Someni hadi mwisho.

Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo inajaa mashimoni na kwenye mabonde madogo ya mawe, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Jua likipanda na upepo ukianza, hupungua. Sasa fikirieni: mtu anayetafuta utulivu huchagua nini? Shimo lenye kivuli, lisilo na upepo, saa 11 alfajiri, na anakaa au kulala chini. Mtu aliyesimama anaweza kupumua vizuri mahali ambapo aliyeketi anakufa, na mtoto au mbuzi ndiye hutangulia.

Dalili: majani yamekauka katikati wakati pembeni ni mabichi, wadudu, mijusi au ndege wamekufa pamoja. Ukiona hivyo usiteremke hata kuchukua picha. Mwilini: pumzi zinakwenda mbio bila sababu, kichwa kinauma, kizunguzungu. Usiiname kutafuta viatu. Simama, panda juu. Gesi ikifika sehemu 10 kwa 100 za hewa, mtu anazimia kwa muda mfupi. Na mwenzako akianguka ndani, usimfuate mikono mitupu, maana hapo ndipo wa pili na wa tatu hufia. Baki juu, ita watu, tumieni kamba kama ipo.

Mama Sifa: Ee Mungu. Wazee walituambia tusicheze mabondeni asubuhi. Sababu ndiyo hii.

Kijana wa Himbi: Si mnabeba tu buji (mshumaa)? Ikizimika unaondoka.

Mlinzi wa Bonde: Hapana, mdogo wangu. Buji inaendelea kuwaka wakati gesi imeshaanza kukudhuru. Ikizimika umechelewa. Kuwaka kwake si ruhusa ya kukaa. Chagua mwinuko unaopigwa na upepo, uliza wenyeji wa pale, na fika jua likiwa limeshapanda.

Karabai: Na upepo wenyewe usiukimbie. Mnaotaka kimya cha kaburini mnakosea, sauti ya upepo husaidia kuliko kutokuwa na sauti.

Fundi Saa: Mimi natetea kijiti. Telefone izime. Simika kijiti cha mita 1 wima kabisa (pima kwa uzi wenye jiwe), weka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila robo saa. Kati ya kokoto mbili fanya kazi moja tu, kutazama. Goma, kivuli ni kifupi kabisa karibu saa 6 na dakika 3 kwa wastani, lakini mwanzoni mwa Novemba hutangulia hadi saa 6 kasoro dakika 13, na katikati ya Februari huchelewa hadi saa 6 na dakika 17. Saa ya mkononi na jua havikubaliani, na hilo peke yake ni la kuwaza mchana mzima. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba kivuli karibu kinapotea chini ya kijiti.

Kichuguu, Lubumbashi: Huku tuko kwenye saa moja na nyie ila jua linatufikia utosini dakika 7 nyuma yenu. Hatuna ziwa, tuna vichuguu. Vile vikubwa vya pori la miti ya miombo vinafika mita 8, na vilivyopimwa umri karibu na mji wetu, kimoja kilizidi miaka 2,000. Watu wanavichimba kufyatua matofali. Kaa upande wa magharibi asubuhi, kivuli ni kirefu. Kabla ya kukaa piga chini kwa fimbo, nyoka wanapenda mashimo yake. Nenda na njaa kidogo, ukishiba utalala.

Mama Sifa: Njaa hapana! Kunywa chai, kula kitu. Tumbo likilia unawaza ugali, si umilele.

Karabai: Kwa wa Goma: Januari mwanzoni, saa 4 usiku, mbingu ikiwa safi, tazama kusini juu ya ziwa. Nyoosha mkono, pima ngumi mbili kutoka upeo. Kuna doa la mwanga kama moshi usiosogea, Wingu Kubwa la Magellan. Mwanga huo uliondoka kule miaka kama 160,000 iliyopita. Zima tochi dakika 20 kabla, macho yazoee giza. Na mwambieni shefu wa avenyu (mkuu wa mtaa), mtu peke yake gizani hushukiwa.

Kijana wa Himbi: Mtoto wa miaka 8 anaweza kuja?

Fundi Saa: Anaweza, na kijiti na kokoto, uani kwenu, mchana. Mpe dakika 10. Akitaka kuhesabu kwa sauti, mwache ahesabu.