Karanga ya kudumu kwa malisho ya ng'ombe: mbegu inapatikana wapi?

Mfugaji wa Muheza
Wakuu, habari za kazi. Nina ng'ombe wanne chotara na ekari tatu za michungwa. Matete ninayo, lakini kiangazi maziwa yanashuka, na mashudu bei yake haishikiki. Nimeona picha za Florida, ng'ombe wanakula majani ya karanga yenye maua ya njano; wanasema ukipanda mara moja inadumu miaka. Mbegu naipata wapi?

Mkorogwe aliye Florida
Mkuu, miaka sita sasa nafanya kazi shamba la majani makavu huku. Nikwambie mapema usije ukatapeliwa: hii ya huku haipandwi kwa mbegu. Maua inatoa tele, karanga hakuna. Tunapanda mizizi. Ukichimba unaikuta minene kama penseli, imesukana kama mkeka. Tunaikatakata na kuifukia sentimita nne au tano, Januari hadi Machi, kabla haijaamka.

Halafu ni subira. Mwaka wa kwanza utaona magugu tu. Tunayafyeka juu juu ili jua lifike chini, na ng'ombe hawaingii kabisa. Kufunika ardhi ni mwaka wa pili, pengine wa tatu. Lakini ikishafunika ni mali! Haidai mbolea ya nitrojeni, na ng'ombe hawavimbiwi. Isipokuwa ardhi inayotuamisha maji, hapo itakufa.

Mfugaji wa Muheza
Ahsante kaka. Chini ya michungwa itakubali?

Mkorogwe aliye Florida
Hapo ningechukua ndugu yake, Arachis pintoi. Yeye anavumilia kivuli, anatambaa juu ya ardhi, na vipande vya shina vinatoa mizizi mvua ikiwepo. Ila nakusihi, usiletewe mzizi kwenye begi la mtu. Mzizi huja na udongo, udongo huja na minyoo ya mizizi, na michungwa yako ndiyo itakayoumia. Waulize kwanza TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, habari za kibali.

Mama Maziwa, Kilifi
Mwanangu, na ng'ombe watakula nini hiyo miaka miwili? Mimi kati ya mistari ya matete nimepanda klitoria, ile ya maua ya buluu. Mbegu yake nakusanya mwenyewe, maganda yakikauka kabla hayajapasuka. Nakata pamoja na matete, nawapa zizini. Ukija Mombasa, pita nikufungie kikombe kimoja.

Mfugaji wa Muheza
Mama, nakuja kabla ya masika.